Hela Zilizorudishwa kwa Mwizi

Wengi waliomfahamu Esnath mwaka ule tu wanadhani alizaliwa mgomvi. Si kweli. Kwa zaidi ya miaka ishirini alinunua na kuuza ndizi kutoka kijiji cha Lupepo bila kupelekana na mtu popote, hata kwa mjumbe wa nyumba kumi. Alikuwa mama mrefu, mwenye maneno machache na kicheko cha chinichini, na akikutana nawe barabarani na tenga kichwani atakusalimia mpaka na mbuzi wako.

Kazi yake ilikuwa kukusanya. Majirani zake wengi walikuwa na migomba michache nyuma ya nyumba, mtu akikata anapata mikungu minne mitano, na kwa mikungu minne hakuna lori litakalosimama. Kwa hiyo Esnath alizunguka kwa kina mama wa Lupepo, akachukua kwa mali kauli, akaifikisha mikungu barabarani, akaiuza yote kwa pamoja kwa wanunuzi wa Dar es Salaam, kisha akarudi nyumba kwa nyumba kumpa kila mtu chake. Hakuna aliyewahi kumuuliza atalipwa lini. Akisema Jumatatu, ni Jumatatu.

Mnunuzi wake mkubwa alikuwa kijana mmoja, Erasto, mwenye Fuso ya bluu. Ulikuwa msimu wa tatu sasa anakuja. Alikuwa mchangamfu, mwepesi wa kusaidia kupakia, na alimwita Esnath mama. Mara nyingi mvua ilipomkuta Lupepo alikaribishwa ndani, akanywa chai ya maziwa na kula kande kwenye meza ileile anayokulia mumewe Esnath, mzee Jairo. Akimaliza anasema, "Mama, hii kande Dar hakuna," na Esnath anacheka kicheko chake.

Erasto alilipa kwa simu siku zote, kwenye namba ileile. Esnath alilipenda jambo hilo. Zamani, enzi za kulipwa taslimu, alishawahi kupewa noti bandia katikati ya bunda, akaenda nazo kanisani kutoa sadaka bila kujua, aibu iliyomchukua muda mrefu kuisahau. Na dada yake aliwahi kunyang'anywa mfuko mzima wa hela kwenye shamba la chai akitoka mnadani. Simu ilipokuja aliona Mungu kawakumbuka. Hela inaingia kimya, haionwi na mtu, haichanwi, haighushiwi. Ndivyo alivyoamini.

Jumamosi ile kulikuwa na mvua ya kunyesha na kuacha, kama kawaida ya huku. Walipakia tangu asubuhi, mzigo mkubwa kuliko yote ya msimu, kwa sababu kina mama wengi walikuwa na shughuli za ada. Mikungu ilipoisha kupanda, Erasto akatoa simu yake, akabonyeza, na simu ya Esnath ikalia mfukoni mwa gauni. Alisoma meseji. Milioni moja na laki nne. Kwa kuwa hakuwa mjinga, hakuishia kwenye meseji. Aliangalia na salio. Hela ilikuwemo.

"Imeingia, mama?"

"Imeingia, mwanangu. Safari njema."

Fuso ikapandisha kuelekea Mbeya.

Jioni, akiwa anawasha moto, simu ikaita. Namba asiyoijua. Sauti ya mwanaume ikasema, "Naongea na Esnath? Nakupigia kutoka kampuni ya simu. Kuna muamala ulioingia kwako leo, mtumaji anasema..."

Esnath hakumwacha amalize. Kampuni hiyohiyo ilikuwa ikimtumia meseji karibu kila wiki: usiongee na mtu anayejifanya mfanyakazi wetu, usikubali maelezo yoyote kuhusu muamala, ukipigiwa na namba usiyoijua kata. Akakata. Namba ile ikapiga tena, akakata tena. Kisha akageuka kwa mumewe, uso umemng'aa.

"Baba Ambwene, leo tapeli kanikosa. Kataja na jina langu!"

"Umefanya vizuri," akasema Jairo.

Jumapili ilipita kanisani. Jumatatu Esnath akashuka Tukuyu kwenda kutoa hela kwa Fikirini, wakala mwenye kibanda karibu na stendi, mtu ambaye babu yake alikuja zamani kutoka pwani kuuza vitambaa na familia ikabaki hukuhuku. Walifahamiana miaka mingi. Fikirini alipoona kiasi anachotaka kutoa akaenda kuchukua bunda kwenye kabati. Aliporudi Esnath alikuwa anaitazama simu kama mtu aliyeshika kitu asichokijua.

"Inasema salio halitoshi."

"Haiwezekani mama. Hebu."

Fikirini akaichukua, akapekua meseji. Akakuta moja iliyoingia alfajiri ambayo Esnath hakuifungua, akidhani ni matangazo. Akaisoma kimya, kisha akaisoma kwa sauti, polepole. Muamala umerejeshwa kwa mtumaji kutokana na kukosea namba. Asante kwa kutumia huduma zetu.

"Nani kakosea namba?" Esnath akauliza.

Fikirini akamrudishia simu. Alikuwa wakala kwa muda wa kutosha kujua mchezo huo.

Esnath akampigia Erasto palepale. Akapokea, tena kwa heshima. "Mama! Hata mimi nimeshangaa. Mtandao huu! Hebu nifike sokoni niuze, nikutumie." Mchana alipopiga tena, simu iliita bila kupokelewa. Jioni haikuita kabisa. Hakuisikia tena sauti ile.

*

Duka la kampuni ya simu lilikuwa na viti vya plastiki na picha za watu wanaocheka wakiwa na simu mkononi. Binti aliyekaa kaunta aliitwa Beatrice. Alimwamkia vizuri, akaandika namba yake, akaangalia kwenye kompyuta.

"Mama, mtumaji alilalamika ndani ya muda unaoruhusiwa kwamba amekosea namba. Huo ni utaratibu wa kumlinda mteja. Tulikupigia kuthibitisha, ukakata. Mara mbili."

"Nilikata kwa sababu mliniambia nikate."

"Nani alikuambia?"

Esnath akafungua simu, akamwekea mbele ya macho. Meseji za kampuni, moja juu ya nyingine, zikimwonya. Beatrice akazitazama moja moja.

"Hizo zinahusu matapeli, mama. Sisi huwa tunapiga kwa sababu maalumu."

"Na mimi nitajuaje nani tapeli na nani nyinyi, kama mnaongea lugha moja?"

Watu wawili waliokuwa kwenye viti wakaacha kuangalia simu zao.

"Mwanangu," Esnath akasema, bado kwa sauti ya chini, "humo ndani ya hiyo mashine kuna kila kitu. Angalia huyu Erasto kanitumia hela mara ngapi tangu msimu wa kwanza."

Beatrice akashusha ukurasa. Kidole chake kikafuata mistari kwenye kioo, kikashuka, kikashuka, halafu kikasimama.

"Ni nyingi."

"Mtu anakosea namba mara zote hizo? Kila wiki anakosea, halafu anakosea kwangu mimi tu?"

Binti akainua macho, na Esnath akaona kwamba ameelewa. Hilo ndilo lililomchoma zaidi baadaye, kila alipolikumbuka: kwamba yule binti alielewa kabisa. "Mama, mimi sina mamlaka ya kurudisha. Anayekosea namba lazima alindwe. Ndiyo utaratibu."

"Na anayeuza ndizi halindwi na mtu? Mimi si mteja wenu? Hii laini nimeiokota?"

Beatrice akarudisha macho kwenye kompyuta. Esnath akatoka. Alipofika nje akasimama kwenye nguzo ya veranda. Maishani mwake alishalia, alishazika, alishaumwa, lakini hasira ya namna ile hakuwahi kuionja. Aliyemwibia alikuwa Erasto, hilo sawa, wezi wapo. Ila huyu mwizi hakuvunja mlango. Alipiga simu kuomba afunguliwe, na wenye funguo wakamfungulia, wakamkabidhi hela mkononi, wakamshukuru kwa kutumia huduma.

Polisi walimsikiliza wakiwa wamesimama. Koplo wa zamu alisema hilo ni suala la madai, waliuziana mali kwa kuelewana, aende mahakamani akamdai.

"Angekuja na panga akachukua ndizi zangu, ungesema suala la madai?"

"Lakini hakuja na panga, mama."

"Alikuja na simu. Ndiyo tofauti?"

Koplo akakuna shingo. Mwishowe akamwandikia RB, namba ya taarifa ya polisi, nadhani ili aondoke, na akamwambia wakimpata watamjulisha. Hakuuliza namba ya Fuso. Esnath ndiye aliyemlazimisha aiandike.

*

Nyumbani, habari ilikuwa imeshamtangulia. Kina mama walikuja jioni, wakaketi kwenye baraza lake, wamejifunika khanga mabegani kwa ubaridi. Hakuna aliyempigia kelele. Laiti wangepiga. Mkubwa wao, bibi Atuganile, ambaye alichangia mikungu saba na alikuwa akitafuta nauli ya kumpeleka mjukuu hospitali ya Mbeya, alimshika mkono akasema, "Pole mwanangu. Ndaga fijo, asante sana kwa kuhangaika." Lakini mmoja, akiwa anavaa kandambili kuondoka, alinong'ona kwa mwenzake kwa sauti iliyosikika: "Kijana si alikuwa anakula humu ndani? Tutajuaje hawakuelewana?"

Esnath aliyasikia maneno hayo. Usiku hakulala. Asubuhi alimkuta Jairo zizini akimkamua ng'ombe wao wa maziwa, aliyemlea kwa mkono wake tangu akiwa ndama. Alisimama mlangoni.

"Sema tu," Jairo akasema bila kugeuka.

"Wale kina mama hawakumpa Erasto ndizi. Walinipa mimi."

Jairo akamaliza kukamua. Akainuka na ndoo, akampita, kisha akasema, "Mnunuzi wa Mpuguso alimuulizia huyu ng'ombe mwezi jana. Nitampelekea ujumbe."

Ng'ombe akauzwa, na Esnath akazunguka nyumba kwa nyumba akamlipa kila mtu, pamoja na yule mwenye kandambili. Huyo alipokea akiwa ameinamisha uso. Jambo likaonekana limeishia hapo. Watu wakasema, mama wa watu, amebeba msalaba wake, maisha yaendelee. Ndugu yake wa kanisani akamwambia amwachie Mungu.

"Mungu nimemwachia Erasto," Esnath akajibu. "Kampuni nimebaki nayo mimi."

Kilichomwondolea kabisa uwezekano wa kunyamaza ni Agness. Agness alikuwa mfanyabiashara mwenzake wa ndizi kutoka Suma, mama wa mjini kidogo, mwenye akaunti benki. Walikutana mnadani Esnath akamweleza, na Agness akapiga makofi ya mshangao.

"Huyohuyo Erasto? Mwaka jana alinifanyia mimi! Alilipa benki, kesho yake akaenda kudai kakosea akaunti. Meneja akaniita. Akaniuliza, mama, huyu unamfahamu? Nikamwambia namfahamu, na hela ni ya ndizi, na mashahidi ninao. Meneja akamwambia, sisi hatutoi hela kwenye akaunti ya mteja bila ridhaa yake au amri ya mahakama, nenda kamshtaki. Akaondoka zake, hakurudi."

"Mwaka jana?"

"Mwaka jana. Mimi nilidhani alikosea kweli, nikasamehe."

Esnath hakumlaumu. Alisimama tu katikati ya mnada, watu wakimpita na matenga, akiwa amepigwa na jambo moja. Mwizi ni mmoja. Uongo ni uleule, umesemwa kwa maneno yaleyale. Agness kaitwa akaulizwa, yeye hakuulizwa. Tofauti yao ni njia tu ambayo hela ilipitia. Wenye akaunti wanaitwa kwenye kiti na kuambiwa karibu mama. Wenye laini ya simu, yaani kijiji kizima cha Lupepo, wanatumiwa meseji alfajiri.

"Kwa hiyo kinacholindwa ni njia," akasema. "Mtu hayumo."

*

Agness ndiye aliyemwelekeza kwa Mwanaharusi. Huyu alikuwa msaidizi wa kisheria pale Tukuyu, ofisi yake ikiwa juu ya duka la dawa, ngazi za mbao. Mwanamke wa makamo, mtandio umefungwa vizuri, mwenye tabia ya kukusikiliza mpaka mwisho bila kutikisa kichwa. Alipomaliza kusikiliza alisema:

"Mama, ulipewa barua yoyote na kampuni?"

"Nilipewa pole."

"Basi hujaanza. Kulalamika kwa mdomo hakuhesabiwi. Tunawaandikia, wanakupa namba ya lalamiko, na wanatakiwa kukujibu kwa maandishi. Wasipojibu, au jibu lisipokuridhisha, tunakwenda Benki Kuu. Wao ndio wanaosimamia hizi hela za kwenye simu, na wana dawati la malalamiko. Kuna kanuni za kumlinda mlaji wa huduma za fedha."

"Kumlinda nani?"

"Mlaji. Ndivyo sheria inavyomwita mteja."

Esnath akacheka kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi ile, kicheko kikavu. "Mlaji! Dada yangu, mimi nimeliwa."

Hata Mwanaharusi akacheka. Kisha akachukua kalamu. Waliandika pamoja mchana kutwa: tarehe, kiasi, simu mbili alizokata na sababu ya kuzikata, na malipo yote ya nyuma ya Erasto kwenye namba ileile. Agness akaongeza maelezo yake na kusaini. Fikirini naye alikuja kueleza alichokiona kibandani, ingawa alijua kampuni inaweza kumnyima kamisheni kwa kinyongo. Alisema mawakala wameshachoka kuwaona watu wakilia kwenye madirisha yao.

Majibu ya kampuni yalikuja baada ya wiki kadhaa na kukumbushwa mara mbili. Hayakuja kwa maandishi. Walimwita ofisi yao ya Mbeya, akaenda na Mwanaharusi. Chumba kilikuwa na zulia na kiyoyozi, mahali penye baridi ya kutosha ya Mungu. Afisa aliyewapokea aliitwa Emmanuel, kijana nadhifu, mwenye adabu hata ukamwonea huruma kwa kazi aliyotumwa. Aliwaagizia soda. Kisha akasukuma karatasi mezani.

"Mama, kampuni imesikitishwa sana na kilichokupata. Tumeamua, kwa hisani tu, kukupa kiasi chote. Leo hii, kabla hujatoka humu. Weka sahihi hapa chini."

Esnath hakusoma haraka. Alivaa miwani, akafuata mstari kwa mstari. Kampuni haikukosea. Utaratibu ulifuatwa. Malipo haya ni ya hisani. Mteja hatalalamika tena popote, wala hatalizungumza jambo hili.

"Hisani," akasema.

"Ndiyo, mama."

"Mwanangu, hisani ni ukinikuta njiani nina njaa ukanipa muhogo. Hizi hela ni zangu. Mlizitoa kwangu mkampa mwizi. Andika hapo kwamba mlikosea, nitie sahihi sasa hivi."

Emmanuel akamtazama Mwanaharusi kama mtu anayeomba msaada. Mwanaharusi akanywa soda yake.

"Siwezi kuandika hivyo, mama. Hayo ni maneno ya wanasheria."

"Na hili la kutokuzungumza? Nikirudi Lupepo nimuone mama mwenzangu anapokea hela ya mtu kama Erasto, ninyamaze? Hamtaki kunilipa nyinyi. Mnataka kununua mdomo wangu."

"Mama, fikiria. Hela ipo hapa." Alisema kwa upole wa kweli. "Ukienda huko kwingine utangoja, na hujui watasema nini."

Alikuwa anasema kweli na Esnath alijua. Aliwaza zizi tupu. Aliwaza Jairo, ambaye tangu ng'ombe aondoke aliendelea kuamka muda uleule wa kukamua na kukaa tu jikoni. Mkono wa Esnath ulikuwa mezani, karibu na kalamu. Halafu akakumbuka sauti iliyosema Jumamosi ile, kuna muamala ulioingia kwako, na namna alivyojipongeza kwa kutii walichomwagiza; na sasa karatasi ilikuwa inamtaka akubali kwamba kosa lilikuwa la yule aliyetii. Akavua miwani, akaikunja.

"Asante kwa soda," akasema, akainuka.

Gari la kurudi likafika Kiwira. Hapo Mwanaharusi akasema, "Ningeelewa kama ungesaini. Nataka ujue hivyo. Wengi husaini, na siwalaumu."

"Najua. Sijui kama nimefanya sawa."

Nyumbani alimweleza Jairo yote, bila kuficha kwamba hela ilikuwa mezani. Jairo alisikiliza huku akichochea moto.

"Wangeandika kwamba wamekosea, ungetia sahihi?"

"Ningetia."

"Basi," akasema Jairo, na hakulitaja tena.

*

Walipeleka lalamiko Benki Kuu, tawi la Mbeya. Kukafuata kungoja kwa muda mrefu, kwa namna inayokufanya uanze kujiona mpumbavu. Mavuno ya viazi yalipita. Esnath aliendelea na ndizi, kwa mizigo midogo, akilipwa taslimu na kurudi nyumbani na moyo juu juu kila alipopita kwenye mashamba ya chai. Aliitwa mara moja kueleza. Kampuni nayo ikaeleza. Mwanasheria wao alisema mteja alipewa nafasi ya kusikilizwa akaikataa mwenyewe kwa kukata simu. Afisa aliyekuwa akisikiliza akamwomba asome kwa sauti zile meseji za onyo ambazo kampuni yake ilizituma. Akazisoma, moja baada ya nyingine, na sauti yake ilizidi kushuka kadiri alivyosoma. Esnath alimwangalia bila kupepesa. Baadaye alisema kwamba dakika zile pekee zilimlipa nusu ya ng'ombe.

Uamuzi ulikuja ukisema kwamba fedha za mteja hazikupaswa kuondolewa kabla ya kumsikiliza kwa njia anayoweza kuiamini, na kwamba historia ya malipo ilikuwa mbele ya macho ya kampuni wakati wote na haikuangaliwa. Kampuni imrudishie kiasi chote na imwandikie kukiri hivyo. Mwanaharusi alimsomea kwenye ngazi za mbao kwa sababu hakuweza kungoja afike juu.

Hela iliingia Alhamisi. Esnath alikuwa kwenye kibanda cha Fikirini. Meseji ilisema: Umepokea. Tunathamini uaminifu wako kwetu.

Fikirini alishangilia mpaka wauza mahindi wa jirani wakaja kuuliza kuna nini. "Mama, umewashinda! Leo lazima unywe chai kwangu!"

Esnath alitoa hela yote, akaihesabu, akaifunga kwenye khanga. Uso wake haukuonyesha furaha aliyoitegemea Fikirini. Ng'ombe aliyeuzwa kwa haraka alikuwa na bei moja. Ng'ombe wa kununua leo alikuwa na bei nyingine. Maziwa ya miezi ile yote hakuna aliyeyahesabu. Na wiki hiyohiyo Agness alikuwa amemwambia kwamba Fuso ya bluu imeonekana upande wa Kyela, ikipakia, na kijana mchangamfu akiwaita kina mama wa huko mama.

"Chai nitakunywa siku nyingine," akasema. "Nina safari."

Alivuka barabara, akapandisha mpaka kituo cha polisi. Koplo alikuwa yuleyule. Alimkumbuka mara moja na akatabasamu, maana habari za Esnath zilikuwa zimezagaa Tukuyu nzima.

"Mama! Nasikia umelipwa. Hongera sana. Sasa tufunge lile jalada letu."

"Ulifunge kwa nini?"

"Si umeshapata hela zako?"

"Mimi nimelipwa na kampuni," Esnath akasema, na safari hii sauti yake haikuwa ya chini. Askari wa chumba cha ndani alitoa kichwa. "Erasto kalipa nini? Ndizi za Lupepo kauza, hela za Lupepo karudishiwa, na leo yuko Kyela na gari lileile ambalo namba yake nilikusimamia ukaiandika. Kule hakuna aliyemsikia. Kesho watapewa meseji alfajiri. Hilo nalo utaniambia ni suala la madai?"

Koplo akavuta droo, akaanza kupekua mafaili.

"Mkuu wa upelelezi hayupo, mama. Ametoka."

"Atarudi?"

"Atarudi, lakini sijui saa ngapi."

Esnath akakaa kwenye benchi, akaweka khanga yenye hela mapajani, mikono juu yake.

"Nitamngoja," akasema.